Shaka wa Wazulu, shaka yetu Waswahili, na vidole viwili vya Hawaii

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Mitihani ilikuwa imetubana, bumu limechelewa kama kawaida yake, na mtu akishakula chipsi kavu siku nne mfululizo hana hamu ya kuandika kitu. Leo nimerudi, na nimerudi na deni. Ila deni lenyewe si lenu. Ni la watoto arobaini na kitu wa kidato cha pili niliowafundisha nikiwa TP kule kwetu Malolo mwaka 2024.

Kwa wale wasiopajua kwetu, maana kila nikisema Malolo watu wananiuliza kama ni Malawi: ukitoka Dar na basi la Iringa au Mbeya, ukaipita Mikumi na wanyama wake, ukapanda na kushuka vilima vya Iyovi, halafu joto likaongezeka na mibuyu ikaanza kukukodolea macho, basi uko jirani na kwetu. Ukishafika Ruaha Mbuyuni umeshaingia mkoa wa Iringa. Sisi bado tumo Kilosa, jimbo la Mikumi, mkoa wa Morogoro, tunamwagilia mashamba kwa maji ya mto Mwega na kulima vitunguu. Kitunguu ulichokatia kachumbari jana pengine nimekipalilia mimi.

Basi bwana. Siku hiyo nilikuwa na kipindi cha historia, mada ni kuhama kwa Wangoni. Nyuma ya darasa amekaa msimamizi kutoka chuoni, fomu yake ya alama magotini. Mnajua hali ile, hata chaki inateleza mkononi. Nikaeleza vizuri tu kwamba kule kusini, Natal, alitokea mfalme anaitwa Shaka, akajenga jeshi, majirani wakakimbia, wengine wakaja mpaka kwetu. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, Shaka kama Mkuu wa Wilaya?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli: mwaka 2023 Shaka Hamdu Shaka aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kilosa, kwa hiyo jina Shaka watoto walikuwa wanalisikia kila siku. Nikajibu kwamba ni jina moja, watu tofauti.

Binti hakukaa. "Sasa mwalimu, mfalme mkali hivyo kwa nini aitwe Shaka? Alikuwa na mashaka gani?"

Jamani, sikuwa najua. Ningesema tu, "swali zuri, wote tulifanyie utafiti, tutalijadili kesho," kama tunavyofundishwa kwenye somo la mbinu. Lakini msimamizi ananiangalia. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Aliitwa Shaka kwa sababu watu walikuwa na shaka juu ya kuzaliwa kwake. Na neno hilo ndilo hili tunalotumia sisi. Wangoni ndio walituletea kutoka kwa Wazulu." Watoto wakaandika. Nilisikia kalamu zikikwaruza madaftari yote kwa pamoja. Msimamizi akaandika pia, na baadaye nilipoiona fomu, kwenye kipengele cha kujiamini mbele ya darasa nilikuwa na alama za juu kuliko zote.

Niliporudi chuoni nikamsimulia jamaa yangu wa hosteli, Mngoni wa Songea. Tunamwita Nduna, na mkumbuke jina hilo maana litarudi. Mimi kwa mama ni Mhehe, kwa hiyo utani kati yetu hauishi. Aliposikia nilichofundisha akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani Wahehe mnatupa zawadi ambayo hatukuileta!" Nikaona aibu. Usiku huo nikaingia kutafuta, na usiku mwingine, na maktaba wiki mbili. Haya hapa niliyoyapata.

Tuanze na neno letu wenyewe. Shaka ya Kiswahili ni Kiarabu, shakk, kutokuwa na hakika. Limeingia kwa mlango uleule walioingilia sharti, shukrani, shauri na hata "hakika", ambalo ndilo adui yake. Yaani lilikuja kwa jahazi. Halikutembea kwa miguu kutoka kusini. Na lilipofika huku tukalifanyia yetu: tukalipa wingi, mashaka, na wingi ule ukabeba maana ambayo umoja hauna. Ukisema una shaka, unamaanisha hujaamini. Ukisema umepata mashaka, mtu anaanza kutafuta nauli ya kuja kukupa pole. Mahakamani mpaka leo kesi ya jinai inatakiwa ithibitishwe pasipo kuacha shaka. Na mtaani tunalitumia kumalizia ubishi wote: bila shaka! Neno moja, mtu mmoja linamwachia huru na mwingine linamwita msibani.

Halafu tunawapa watoto. Babu yangu mzaa baba aliitwa Mashaka. Mama yake alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, na huyu wa tatu alipozaliwa mzima hawakuthubutu kumpa jina la furaha. Wakamwita Mashaka, kama kuyaambia mashaka yenyewe: tumewaona, haya, piteni. Akaishi zaidi ya miaka themanini. Nyote mnawajua akina Tabu, Shida, Matatizo, Sikujua. Nilikuwa nikiona aibu jina hilo kwenye fomu za shule nilipokuwa mdogo, maana linatokea katikati ya jina langu na walimu walilifanyia mzaha. Hilo nalo litarudi.

Pwani kuna Shaka mwingine ambaye hatumwangalii. Wale wa Kiswahili mtakumbuka Fumo Liyongo, shujaa wa upinde aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiandika habari yake kwa utenzi mwaka 1913. Mji wanaouhusisha naye, kwenye delta ya mto Tana kule Kenya, si mbali na Kipini, unaitwa Shaka. Mji mzima! Na simulizi za Liyongo ni za zamani mno, kabla hata babu yake Shaka wa Wazulu hajazaliwa. Kwa hiyo kama ningekuwa na akili siku ile darasani, ningejiuliza swali dogo tu: inawezekanaje Wangoni watuletee sauti ambayo pwani ilikuwa nayo kabla wao hawajaondoka kwao?

Sasa twende kwa Wazulu. Shaka, mwana wa Senzangakhona, alizaliwa mnamo 1787. Mama yake ni Nandi, wa watu wa Langeni. (Kabla hujaniuliza: hapana, si Wanandi wa Kenya. Jina lake linatokana na neno la Kizulu la utamu, mnandi. Nao Wanandi wa Koitalel arap Samoei wana lugha isiyo ya Kibantu kabisa. Mnaona mtego ulivyo mwingi?) Simulizi za Wazulu zinasema Nandi alipata mimba kabla ndoa haijakamilika. Ujumbe ulipofika kwa ndugu wa Senzangakhona, wakadharau. Wakasema huyo hana mimba, ana iShaka tu, mdudu wa tumboni ambaye watu waliamini anavimbisha tumbo la mwanamke na kumkatia siku zake. Miezi ikapita, mtoto akazaliwa. Kwao Nandi wakatuma neno: njooni mumchukue mdudu wenu.

Hilo ndilo jina. Mdudu. Tusi, hasa tusi kwa mama. Mtoto akakua nalo, akifukuzwa na mama yake kutoka kwa baba, akichekwa na watoto wenzake huko Langeni, mpaka wakapata hifadhi kwa Wamthethwa chini ya Dingiswayo. Baba alipofariki, mwaka 1816, akaja kuutwaa utawala wa ukoo ambao wakati huo ulikuwa mdogo tu. Miaka kumi na mbili baadaye, Septemba 1828, ndugu zake Dingane na Mhlangana walipomuua huko Dukuza, jina la mdudu lilikuwa linaogopwa kwenye eneo kubwa la kusini mwa Afrika.

Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Kwa sababu jibu langu la darasani lilikuwa uongo, lakini uongo uliokaa jirani na ukweli, na huo ndio mbaya zaidi. Ni kweli walitia shaka mimba yake. Lakini neno shaka la kwetu na iShaka la kwao havijawahi kuonana. Ni kama abiria wawili waliovaa mashati ya rangi moja kituo cha Msamvu, mmoja katoka Dodoma na mwingine Tanga, wewe ukasema hawa ni mapacha.

Kuna jambo jingine nililofundisha kirahisi mno. Nilisema Shaka alipigana, watu wakakimbia, basi. Vitabu vyetu vya sekondari ndivyo vinavyosema hivyo, kila kitu kilichotokea kusini ni mkono wa mtu mmoja. Mwaka 1988 mwanahistoria Julian Cobbing aliandika kupinga maelezo hayo. Alisema wakoloni walimkuza Shaka ili kuficha vurugu zilizoletwa na biashara ya watumwa iliyopitia ghuba ya Delagoa na uvamizi kutoka upande wa Rasi. Wenzake walimjibu kwa ukali, na mengi aliyosema kuhusu watumwa wanasema tarehe zake hazikai sawa. Lakini tangu hapo ni vigumu kumbebesha Shaka peke yake mzigo wote. Kulikuwa na ukame, kulikuwa na ugomvi wa malisho na wa pembe za ndovu, na kulikuwa na wafalme wengine wakali, kama Zwide wa Wandwandwe.

Na Zwide ndiye anayetuleta sisi. Zwangendaba, baba wa Wangoni wa kwetu, hakuwa mtu wa Shaka. Alikuwa upande wa Zwide. Shaka alipowavunja Wandwandwe mnamo 1819, yeye akaondoka na watu wake kuelekea kaskazini kupitia Msumbiji ya leo. Walivuka Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa, na wanahistoria wakaipata tarehe kwa hesabu za nyota: 20 Novemba. Walifika Ufipa, na huko Zwangendaba akafariki mnamo 1848. Kundi likagawanyika. Wengine wakaishia Zambia na Malawi, Watuta wakapanda hadi Unyamwezi, na wengine wakateremka Songea wakiwa na viongozi Mbonani Tawete na Zulu Gama. Ndiyo, mmoja wao aliitwa Zulu. Nduna wangu wa hosteli alifurahi sana tulipofika hapo.

Huku nako kila mtu aliwapa jina lake: Mafiti, Maviti, Wagwangwara. Masasi walivamiwa mwaka 1882, na wamisionari wa pale waliandika kwamba waliovamia ni Wagwangwara. Jina Shaka halikuja nao kama jina la babu. Kama lilikuja, lilikuja kama jina la mtu waliyemkimbia. Hebu fikiria, sisi tunawaita watoto wa Shaka wale ambao wangelisikia jina lake usiku wangefunga mizigo.

Lakini kuna vitu vilivyotembea kweli kwa miguu, na baadhi vilifika mpaka milima ya kwetu. Mkuki mfupi wa kuchomea, ambao humrushii adui, unamfuata. Ngao kubwa. Vijana kupangwa kwa vikosi. Wasangu waliyachukua hayo kwa Wangoni, na Wahehe wakayachukua kwa Wasangu, wakawageuzia wote wawili. Wahehe na Wangoni walipigana kati ya mwaka 1878 na 1882 na hakuna aliyemshinda mwenzake (Nduna anasema walishinda wao, mjadala bado unaendelea chumbani). Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1892 walishuka hadi Kondoa, hii Kondoa ya Kilosa, si ile ya Irangi, wakaiteketeza ngome ya Wajerumani. Wambunga nao, majirani zetu wa Ifakara, chimbuko lao limo humohumo kwenye mchanganyiko wa Wangoni.

Na neno mojawapo lililotembea kweli ni nduna. Kwa Kizulu ni induna, mkubwa aliyewekwa na mfalme asimamie watu. Wangoni walilibeba, likavuka Zambezi, likafika Songea likiwa na kazi yake ileile. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya Maji Maji, na mji ukabaki na jina lake. Hilo neno lina njia. Unaweza kuonyesha nani alilibeba, alipita wapi, na alipofika alilifanyia nini. Nilipoona hivyo ndipo nikaelewa kosa langu liko wapi hasa. Darasani nilisikia sauti mbili zinafanana nikaruka hadi hitimisho. Njia sikuitafuta.

Sasa Hawaii imeingiaje? Imeingia kwa simu. Andika Shaka kwenye mtandao, kabla ya mfalme utakutana na picha za watu wanaocheka, wamenyoosha dole gumba na kidole cha mwisho, vile vitatu vya katikati vimekunjwa, wanautikisa mkono. Mimi nikadhani wanasema "nipigie simu", maana kwetu huo mkono ukiuweka sikioni ndiyo maana yake. Kumbe kule wanauita shaka. Maana yake salamu, asante, poa, usijali, tuko pamoja, inategemea na uso ulionao. Mwaka 2024 (mwaka uleule wa aibu yangu) jimbo la Hawaii lilitunga sheria ya kuifanya ishara rasmi ya jimbo. Mkono una sheria yake!

Asili ya ishara wengi wanaipeleka kwa Hamana Kalili, mvuvi wa Laie katika kisiwa cha Oahu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kahuku na mashine ikamla vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kulia. Akapewa kazi ya ulinzi kwenye treni ya miwa, kufukuza watoto waliodandia. Watoto wakawa wakipeana ishara kwamba njia nyeupe kwa kuigiza mkono wake. Kwa hiyo ilianza kama mchezo wa watoto kwa mtu mwenye kilema, au ilianza na mzee mwenyewe akipunga mkono wake uliobaki. Simulizi zote mbili zipo.

Nilipoisoma hiyo nilikumbuka mzee mmoja wa kijijini kwetu, mashine ya kusaga ilimchukua vidole. Kilosa na mkonge wake na miwa yake wazee wa namna hiyo si wachache, na waliofanya kazi kwenye mashine ya mkonge, ile korona, watakuambia. Sisi watoto tulimwigiza yule mzee. Tulikunja vidole tukampungia, naye alikuwa anatupungia. Sijui hata siku moja kama alikuwa anacheka au vipi. Hakuna sheria iliyotungwa kwa mkono wake.

Turudi kwenye neno. Neno shaka kule Hawaii si la Kihawaii! Lugha yao haina "s" wala "sh". Krismasi kwao imekuwa Kalikimaka, ndiyo mjue s inavyowashinda. Sasa ishara yao kubwa kabisa ina jina ambalo bibi wa Kihawaii wa zamani asingeweza kulitamka. Wengine wanaelekeza kidole kwa Wajapani, ambao walienda kwa wingi kulima miwa kule, na kwa Kijapani Shaka ni jina la Budha. Wengine wanamtaja Lippy Espinda, muuza magari yaliyotumika wa Honolulu, aliyelipenda neno hilo kwenye matangazo yake ya televisheni miaka ya 1960 na 1970. Meya Frank Fasi naye akaibeba ishara kwenye kampeni zake miaka hiyo ya 1970. Espinda alilisambaza, hilo halina ubishi. Alilitoa wapi, kila mtu ana hadithi yake. Ningekuwa darasani Hawaii na msimamizi kakaa nyuma, sijui ningesema nini.

(Na kwa faida yenu: nikaandika na Malolo, nione kijiji changu. Nikaletewa samaki. Kwa Kihawaii mālolo ni yule samaki anayeruka juu ya maji. Kuna hata meli kubwa ya abiria ya Marekani ilipewa jina hilo, ikaanza safari mwaka 1927. Nikamwonyesha Nduna, akasema basi na hao mseme mliwapa nyinyi Wahehe.)

Kilichonikaa kichwani kuliko vyote ni babu. Nandi na mama yake babu yangu hawakujuana, na lugha zao hazikukopeshana neno hilo hata kidogo. iShaka ni mdudu, mashaka ni taabu, moja la Kibantu cha kusini na jingine Kiarabu kilichovaa msuli. Lakini wanawake wawili, mmoja Zululand na mwingine Malolo, walibeba mtoto ambaye watu hawakumtegemea, na mtoto akapewa jina la lile baya lenyewe. Nandi alipewa na wakwe kumdhalilisha. Bibi yetu mkuu alijipa mwenyewe kujikinga. Hiyo tofauti naiona kubwa kuliko kufanana kwa sauti, na ndiyo ningependa kuwa nimefundisha siku ile badala ya ule upuuzi.

Likizo ya Desemba nilienda nyumbani. Nikapita kwa bibi kwanza, nikampa shikamoo, akaniita mume wangu umekonda, nikamuuliza kama babu alikuwa akilichukia jina lake. Akanishangaa. "Alichukie kwa nini? Wenzake wenye majina mazuri aliwazika yeye."

Siku ya pili nikakutana na yule binti wa dawati la mbele, yuko na mama yake wanapakia vitunguu kwenye magunia kando ya barabara. Nikaamkia mama, naye binti akaniamkia, nikavuta pumzi. Nikamwambia, unakumbuka lile swali lako la Shaka? Nilikujibu vibaya. Neno letu limetoka Uarabuni, la kwao ni mdudu wa tumboni, Wangoni hawakutuletea. Walicholeta ni nduna. Nikamweleza yote, na vidole vya Hawaii nikamwonyesha. Mama yake akaacha gunia akawa anasikiliza.

Binti akanyamaza kidogo. "Lakini mwalimu, lilitoka kwenye mtihani."

"Likatoka vipi?"

"Kwa nini mfalme wa Wazulu aliitwa Shaka. Nikaandika kama ulivyosema. Darasa zima tuliandika hivyo." Akafunga gunia kwa kamba, akaikaza kwa meno. "Tukapata wote."

Shule zitakapofunguliwa nitakuwa nimesharudi chuoni, kwa hiyo nimempa karatasi yenye maelezo ampelekee mwalimu wao wa historia. Nimeandika jina langu lote, na Mashaka yake katikati.

Haya wadau, Nduna ananiita tukale. Bumu likiingia nitawaandikia habari za Wambunga.